Flapsi zikigoma, usianze na mota: namna ya kufuata umeme kutoka breka hadi skrubu

Flapsi ni vile vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, na mota yake ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Naanza na hilo kwa sababu kwenye hanga nyingi ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Rubani anaandika kwenye kitabu cha ndege kwamba flapsi hazipandi. Fundi anasoma, anachukua bisibisi, anafungua vifuniko chini ya bawa la kulia, anatoa mota na kuagiza nyingine. Ndege inakaa chini ikisubiri mzigo kutoka nje, mwenye ndege analipa, mota mpya inafungwa, na flapsi bado hazipandi.

Mimi ni fundi wa ndege ndogo, Kisongo, Arusha. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni ndege za Cessna: 172 za mafunzo na za watu binafsi, na Caravan, ambazo ni kubwa zaidi, zinazopeleka watalii Seronera ya Serengeti na kurudi, nyingine zikishuka hadi Unguja na Mafia. Haya nawaandikia vijana walio hanga ambao bado hawajapata leseni, na wanafunzi wa urubani wanaotaka kujua ile swichi wanayoigusa inaamrisha nini. Kazi yenyewe hufanywa chini ya injinia mwenye leseni ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kitabu cha matengenezo cha ndege ileile kikiwa wazi mezani. Ninachokupa ni namna ya kufikiri ukiwa na kitabu hicho mbele yako. Vipimo na grisi utavitoa humo.

Jua kwanza nini kinasukuma nini

Cessna 172 za mwanzo zilikuwa na flapsi za mkono: wenzo sakafuni kati ya viti viwili vya mbele, unauvuta na flapsi zinashuka. Toleo la 172F la mwaka 1965 ndilo lililoleta mota. Tangu hapo mpango haujabadilika sana.

Umeme unaanzia kwenye saketi breka ya flapsi, kile kitufe kinachoruka na kukata umeme ukizidi; kwenye 172S, toleo la karibuni, ni ya ampea 10. Unakwenda kwenye kile kiwenzo cha dashibodi chenye alama za nyuzi 10, 20 na 30. Nyuma ya kiwenzo zimejificha swichi mbili ndogo, moja ya kushusha na nyingine ya kupandisha. Kutoka hapo njia zinaachana: waya wa kushusha unaelekea bawani peke yake na wa kupandisha peke yake, na kila mmoja unapita kwenye swichi yake ya ukomo kabla ya kufika kwenye mota. Swichi ya ukomo ndiyo inayokata umeme flapsi zikifika mwisho wa safari yao, juu au chini.

Mota imekaa ndani ya bawa la kulia. Inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu ndefu, na ile nati iliyo juu ya skrubu inasogea na kusukuma fimbo, sawa na jeki ya skrubu ya gari. Fimbo inageuza puli ya flapsi ya kulia. Flapsi ya kushoto haina mota. Inavutwa na kebo zinazopita juu ya dari ya ndege. Kwa hiyo mota ni moja na flapsi ni mbili, na kinachozifanya ziende pamoja ni kebo, wala si umeme.

Kipande cha mwisho ndicho wengi hukisahau: waya mwembamba wa mrejesho unaotoka kwenye mfumo wa flapsi hadi nyuma ya kiwenzo. Unaposhusha kiwenzo hadi 10, swichi ndogo inafunga na mota inaanza. Flapsi zikiwa zinashuka, waya wa mrejesho unasogea nazo, na zikifika 10 unaiachilia swichi na mota inasimama. Hakuna kompyuta yoyote hapo. Waya huo ukilegea kwenye kibano chake, flapsi zinapita alama uliyochagua huku kila kitu cha umeme kikiwa kizima.

Muulize rubani vizuri, ndipo ushike spana

"Flapsi mbovu" si taarifa. Kaa na rubani umuulize: zinagoma kushuka au kupanda? Zinagoma kabisa au zinasimama njiani? Zinasimama mahali pamoja kila mara? Breka iliruka? Ilikuwa angani au chini? Majibu hayo yanakupunguzia nusu ya kazi kabla hujafungua kifuniko hata kimoja.

Tuchukue ile ya kwanza: zinashuka lakini hazipandi. Fikiria vitu vinavyotumika pande zote mbili: breka, waya unaoingia kwenye kiwenzo, kaboni za mota, rota yake ya ndani inayozunguka, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri). Kama zinashuka, basi vyote hivyo vimejitetea vyenyewe. Kilichobaki ni vile vya upande wa kupandisha tu: swichi ndogo ya kupandisha nyuma ya kiwenzo, swichi ya ukomo wa juu, na waya unaoziunganisha. Kuna mota zenye koili mbili, moja kwa kila mwelekeo, na hizo zinaweza kufa upande mmoja. Lakini hilo ni la mwisho kwenye orodha. Mara nyingi nakuta swichi ya ukomo imeganda ikiwa imebonyea. Flapsi zilipanda mara ya mwisho, zikaibonyeza, vumbi lililoshikana na grisi likaizuia kurudi. Sasa inadhani flapsi bado ziko juu.

Zikisimama njiani, angalia zinasimama wapi. Zikisimama mahali palepale kila mara, shuku mitambo: skrubu kavu, reli ya flapsi iliyobonyea, rola iliyokwama. Zikisimama popote zinapotaka, leo hapa kesho pale, shuku umeme: kiungo kilicholegea au waya unaogusa na kuachia. Kanuni hii imenisaidia kuliko chombo chochote nilichonacho kwenye sanduku.

Zikipita alama, nenda kwenye waya wa mrejesho. Mota ikiendelea kulia flapsi zikiwa zimeshafika mwisho, swichi ya ukomo haikati, na unazima masta, swichi kuu ya umeme, papo hapo kabla breka haijafanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Na kama flapsi moja iko chini kuliko ile nyingine, acha habari za umeme. Hiyo ni kebo, puli au fimbo, na ndege hiyo hairuki hadi injinia aone kwa macho yake. Angani flapsi zisizolingana zinaipindua ndege upande mmoja.

Pima volti mzigo ukiwepo

Hapa ndipo mota nzima zinapohukumiwa bila kosa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza jua ndege yako ni ya volti ngapi. Cessna 172 za kuanzia mwaka wa toleo 1978 ni za volti 28, betri yake ikiwa ya volti 24. Za kabla ya hapo ni za volti 14 na betri ya 12. Mifano yangu yote hapa ni ya betri ya 24.

Fundi anachomoa plagi ya mota, anaweka multimita, kiwenzo kiko chini, anasoma volti 24. Anasema: umeme unafika, basi mota imekufa. Hesabu inasema vingine. Multimita haili umeme wowote wa kuhesabika. Tuseme njiani kuna kiungo kilichooza chenye ukinzani wa nusu om. Kwa kuwa mita haivuti kitu, nusu om hiyo haili chochote, na mita inakuonyesha 24 safi. Sasa rudisha mota, nayo ivute ampea 10. Nusu om kwa ampea 10 ni volti 5. Mota inapata 19 badala ya 24, inalia kwa unyonge, inakwenda taratibu au haiendi kabisa. Chomoa plagi upime tena: 24. Mita haikudanganyi, wewe ndiye uliyeuliza swali lisilo lake.

Kwa hiyo unapima plagi ikiwa imechomekwa, flapsi zikiwa zinatembea au zinajaribu kutembea. Mtu mmoja anakaa ndani na kiwenzo, wewe uko chini ya bawa. Pima mara tatu.

Ya kwanza, betri yenyewe, ncha kwa ncha, mota ikivuta. Betri ikianguka vibaya, tatizo umelipata na hata bawa hujagusa. Hanga nyingi hufanya kazi hii kwa betri iliyochoka kwa sababu masta imeachwa wazi tangu asubuhi. Tumia chanzo cha umeme cha nje kama kipo.

Ya pili, upande wa chanya: ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya unaoingia kwenye mota, mota ikivuta. Utakachosoma ni volti zilizopotea njiani. Zikiwa nyingi, sogeza ncha kurudi nyuma hatua kwa hatua: swichi ya ukomo, swichi ya kiwenzo, breka. Mahali ambapo namba inashuka ghafla, umepita ugonjwa.

Ya tatu, upande wa ethi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa mota. Hapa inatakiwa karibu na sufuri. Mimi nikiona volti nzima imepotea upande wa ethi, sisogei mbele.

Kama mota haizunguki kabisa na unataka kujua kosa ni lake au la njia, weka mzigo mwingine mahali pake. Balbu ya taa kubwa ya lori ya volti 24, wati 70, inavuta karibu ampea 3, na malori ya volti 24 tunayo ya kutosha barabarani, balbu haikosekani dukani. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ni nzima na sasa una haki ya kuitazama mota. Ikififia, njia ndiyo mgonjwa. Lakini bawa hilo lina tangi la mafuta ndani yake, na balbu ya aina hiyo inachemka. Unaunganisha masta ikiwa imezimwa, balbu inakaa nje mbali na bawa kwa waya mrefu, na kama kuna harufu ya petroli au alama ya kuvuja, huanzi hadi hilo limalizike.

Nilipewa 172 moja iliyokuwa imeishi pwani kwa muda mrefu. Karakana nyingine ilishaibadilishia mota. Malalamiko yalikuwa kwamba ikiwa chini flapsi zinashuka vizuri lakini zinapanda kwa shida, hasa mchana. Hilo peke yake lilisema mengi. Ndege ikiwa chini, uzito wa flapsi unasaidia kushusha na unapinga kupandisha, kwa hiyo mota iliyopungukiwa umeme inajionyesha wakati wa kupandisha. Angani ni kinyume: upepo unazisukuma flapsi juu, shida inahamia kwenye kushusha.

Betri ilikuwa nzuri. Upande wa chanya ulipoteza kidogo tu. Nilipoweka ncha kwenye mwili wa mota na hasi ya betri, mota ikivuta, mita ikasoma karibu volti 4. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa vizuri kwa kuutazama: nati imekaza, haichezi hata ukiivuta. Nikaifungua. Chini ya kikuku cha waya, pale kinapolala juu ya alumini ya bawa, palikuwa na unga mweupe umetanda mduara mzima, na pembeni mwa kikuku rangi ya kijani imeanza kuingia ndani ya nyuzi za waya. Chumvi ya bahari ilikuwa imejipatia nafasi kati ya metali mbili. Kilichokuwa kinagusa kweli ni ukingo mmoja mdogo kama ukucha, upande wa juu. Tulikata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, tukafunga kikuku kipya, tukasafisha alumini, tukapaka kinga ya kutu inayotajwa na kitabu, na usomaji ukarudi kwenye sehemu ya kumi za volti. Mota ya zamani, ile iliyotolewa, huenda haikuwa na kosa lolote.

Ndege inayolala pwani ifunguliwe ethi zake mapema kuliko ratiba inavyodai. Kukaza nati bila kuifungua si ukaguzi.

Skrubu, rola na vumbi la Seronera

Umeme ukishakuwa safi, tazama unachosukuma. Sisi tunaotumia viwanja vya changarawe tuna adui wetu, vumbi. Likichanganyika na grisi ya zamani linakula nyuzi za skrubu na nati yake. Fundi akiona skrubu kavu anaongeza grisi juu ya uchafu, na hapo ndipo anapoharibu. Shusha flapsi hadi mwisho ili skrubu yote ionekane, futa ya zamani yote, kagua nyuzi kwa tochi, kisha paka ile grisi iliyoandikwa kwenye kitabu cha ndege hiyo, kwa kiasi kilichoandikwa. Skrubu hazifanani kati ya toleo na toleo, na grisi isiyo yake inaweza kuleta madhara kuliko kutokuwa na grisi.

Rola za flapsi shika kwa mkono. Simama nyuma ya bawa, shika ukingo wa flapsi, uinue na kuishusha kidogo. Mchezo kidogo upo. Sauti ya chuma kugonga chuma haifai. Angalia pia ubavu wa flapsi karibu na reli: rola iliyoisha inachora bati pale.

Na waosha ndege waambiwe: bomba la maji ya presha lisielekezwe kwenye reli, kwenye skrubu wala kwenye swichi za ukomo. Linaondoa grisi na kuacha maji ndani ya swichi.

Kwa rubani: kupanda ni muhimu kuliko kushuka

Wanafunzi wengi hukagua kama flapsi zinashuka. Wanazitazama, wanagusa rola, wanaridhika. Mimi nataka uone zikipanda, kwa macho, hadi mwisho, kabla hujaondoka maegeshoni.

Flapsi zikigoma kushuka unatua bila flapsi. Kitabu cha 172S kinatoa mwendo wa kuingia bila flapsi wa noti 65 hadi 75 (noti ni maili ya baharini kwa saa), kulinganisha na 60 hadi 70 ukiwa na flapsi zote. Unahitaji barabara ndefu zaidi, basi. Lakini zikigoma kupanda ukiwa na nyuzi 30 na unalazimika kughairi kutua, hapo una mzigo. Kwenye 172S hatua ya kwanza ya kughairi kutua, baada ya kusukuma nguvu zote, ni kurudisha flapsi hadi 20, kwa sababu kwa 30 ndege haina hamu ya kupanda. Kisongo tuko karibu futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, na Wilson ya Nairobi iko karibu futi 5,500. Mchana wa jua kali, injini inapumua hewa nyepesi, hiyo tofauti ya nyuzi 10 unaihitaji.

Kwa hiyo: masta washa, hakikisha hakuna mtu karibu na mabawa, tamka kwa sauti kwamba flapsi zinakwenda, shusha zote. Viwanja vya mbugani watu hupenda kusimama chini ya bawa wakitafuta kivuli, na watoto hugusa. Mota ile haisikii mkono. Sikiliza mlio: uwe sawa mwanzo hadi mwisho, kisha usimame wenyewe. Zima masta, kagua. Injini ikishawaka na altaneta inachaji, pandisha na utazame dirishani pande zote mbili. Jizoeze kuhesabu muda. Ukizijua sekunde za ndege yako, siku zitakapoongezeka utajua kabla ya fundi.

Breka ikiruka angani, usiibonyeze bonyeze. Ilifanya kazi yake. Flapsi si kitu cha lazima kwa kutua salama, kwa hiyo mimi nawashauri waiache nje, watue bila flapsi, watuletee. Na heshimu mwendo wa kushushia: kwenye 172S ni noti 110 kwa nyuzi 10, kisha 85 kwa zaidi ya hapo. Anayeshusha kwa mwendo mkubwa anaifanya mota isukumane na upepo, na rola ndizo zinazolipa.

Caravan ina mota ya pili, na haina simile

Caravan ni ndege nyingine. Flapsi zake zimechukua sehemu kubwa ya ukingo wa nyuma wa bawa hata aileroni, vibawa vya kuinamisha ndege kulia na kushoto, zikabaki fupi, ikabidi iongezewe spoila, vibao vinavyoinuka juu ya bawa, za kusaidia kuinamisha. Kwa ndege inayotegemea flapsi kiasi hicho, Cessna waliweka mota ya akiba. Swichi zake ziko kwenye paneli ya juu ya kichwa: moja ya kuchagua kawaida au akiba, nyingine ya juu na chini. Zote mbili zina vifuniko vilivyofungwa kwa waya mwembamba wa shaba unaokatika ukivuta.

Jambo la kukariri ni hili: ukiwa kwenye akiba, swichi za ukomo hazifanyi kazi. Mota itaendelea kusukuma hata flapsi zikiwa zimefika mwisho. Wewe ndiye swichi ya ukomo. Shika swichi, macho kwenye kipimo cha flapsi, na uachie kabla ya mwisho wa safari. Mwendo wa kushushia kwenye 208B, Caravan ndefu, unabaki uleule: noti 175 hadi nyuzi 10, 150 hadi 20, 125 hadi 30.

Ukikuta waya wa shaba umekatika wakati wa ukaguzi wa asubuhi, usiurudishie tu ukaondoka. Waya ule ni taarifa. Uliza nani alitumia akiba, kwa nini, na injinia akague kama flapsi hazikusukumwa kupita mwisho wake.

Trimu ya umeme: jaribu kila nusu peke yake

Trimu inapunguza uzito wa usukani kwa kusogeza kibati kidogo kwenye elevata, kile kibawa cha mkia kinachoinua na kushusha pua. Kwenye Caravan kuna gurudumu la mkono, na kuna mota inayofanya kazi hiyo hiyo kwa swichi iliyo kwenye usukani, upande wa kidole gumba. Swichi hiyo imegawanyika nusu mbili kwa makusudi: moja inatoa ruhusa, nyingine inatoa mwelekeo. Lengo ni kwamba swichi moja ikikwama, trimu isijiendee yenyewe.

Ulinzi huo unakulinda tu kama nusu zote mbili ni nzima, ndiyo maana unazijaribu kila siku. Sukuma nusu ya kushoto peke yake, mbele na nyuma: gurudumu lisisogee. Nusu ya kulia peke yake: lisisogee. Zote pamoja: lizunguke, na liende upande ulioamuru. Likiwa linazunguka, bonyeza kitufe chekundu cha kukata: lisimame. Mwisho lishike gurudumu kwa mkono uone kama unaweza kulizuia mota ikivuta. Kama nusu moja peke yake inalisogeza, ulinzi umeshavunjika, hata kama trimu "inafanya kazi vizuri."

Trimu ikikimbia angani: shika usukani kwa nguvu, bonyeza kitufe chekundu na uendelee kukibonyeza, vuta breka ya trimu, kisha sawazisha kwa gurudumu. Breka hiyo uijue kwa kidole, macho yakiwa nje. Hanga nyingi huivisha pete ya rangi ili ishikike gizani, na ni shilingi iliyotumika vizuri.

Na punguza mwendo mapema. Hili nalisema kwa uzito. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi ikaanguka ndani ya dakika sita. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Miezi michache kabla, 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilianguka Indonesia na watu 189. Kwenye 737 mota ya umeme inazungusha skrubu ndefu mkiani inayosogeza mkia wote wa mlalo. Programu iitwayo MCAS ilipata habari ya uongo kutoka kwenye sensa moja, ikaendelea kuiamuru mota hiyo kushusha pua. Marubani wa Ethiopian walikata umeme wa trimu, wakajaribu gurudumu la mkono, lakini mwendo ulikuwa mkubwa mno na upepo juu ya mkia ulilifanya gurudumu lisizungushike. Lawama za muundo ni za walioibuni ndege ile. Mimi nawafundisha vijana sehemu inayotuhusu hata kwenye ndege ndogo: nguvu ya upepo kwenye mkia inapanda haraka kuliko mwendo wenyewe, mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu inakuwa mara nne, na mkono wako haupandi nayo.

Wapo wanaoniuliza kama haya yatawafaa wakienda ndege kubwa. Boeing 787, kama zile za Air Tanzania na Kenya Airways, zina breki za magurudumu zinazobanwa na mota za umeme, hakuna bomba la haidroli linalofika kwenye gurudumu kwa kazi hiyo. Huko kosa utaletewa na skrini. Lakini ethi yenye unga mweupe inakula volti kwa hesabu ileile.

Kabla ya kusaini

Ukishamaliza, zungusha mfumo mzima mara kadhaa: chini hadi mwisho, juu hadi mwisho, na kusimama kwenye kila alama. Mtu mmoja ndani, mmoja kila bawa. Zimesimama zenyewe pande zote? Zinalingana kulia na kushoto? Kipimo cha ndani kinasema kile unachokiona nje? Hesabu vifaa vyako. Bisibisi iliyosahauliwa ndani ya bawa itatafuta kebo. Kisha mwite mtu wa pili mwenye idhini, asiyeshika kazi hiyo, akague kwa macho yake mwenyewe. Mfumo wa kuongozea ndege haufungwi kwa jicho moja.

Kitabuni usiandike "flapsi zimetengenezwa." Andika ulipopima, ulisoma volti ngapi kabla na ngapi baada, mota ikivuta, ulibadilisha nini, namba yake ya kiwandani, na flapsi zinachukua sekunde ngapi kushuka na kupanda kwa betri peke yake na kwa altaneta. Atakayeifungua ndege hiyo mwakani, Kisongo au Unguja, ataanzia hapo.